Kiapo cha Wifi

Wateja walimwita Stepla, na jina hilo alilipata kwa haki. Karatasi ikishapita mikononi mwake haikutoka dukani kabla ya kupangwa, kuhesabiwa kurasa na kubanwa pembeni. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kwenye korido ya chini ya jengo la ofisi, mlango kwa mlango na wakili: mashine ya kutoa nakala, kompyuta mbili, feni iliyozunguka inapojisikia, na benchi la wanaosubiri. Hapo Stepla alichapa barua za kuomba kazi, akaskani vyeti vya watu na kuwaingiza kwenye mtandao wa ajira za serikali, siku nenda siku rudi, mwaka wa sita sasa.

Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Lakini miaka sita ya kukaa kimya na kusikiliza si haba. Waliotoka kwenye usaili walirudi kwake kutoa nakala nyingine, na wakirudi walisimulia: nani alitolewa nje kwa sababu simu yake iliita, nani alikaa kabla ya kuambiwa kaa, nani aliulizwa udhaifu wake akajibu kwamba anafanya kazi kupita kiasi, jopo zima likaangua kicheko. Stepla alibana karatasi zao, na maneno yao akayaweka kichwani. Mwishowe watu wakaanza kumuuliza.

"Sasa dada, wakiniuliza kwa nini naitaka kazi hii, nijibu nini?" aliuliza siku moja bwana mmoja mwenye tai ya kuazima.

"Wewe ungejibu nini?"

"Kwamba sina kazi."

"Basi watakuonea huruma, halafu kazi watampa mwenzako. Tangazo limeandika majukumu manane. Chagua mawili uliyowahi kuyafanya popote, hata kwenye kikundi cha mtaani, uwaeleze uliyafanyaje. Na wakigusia mshahara, usitaje namba. Serikali ina ngazi zake. Ukitaja namba, wanajua hujui unakokwenda."

"Na nisipojua jibu?"

"Sema hujui. Wale wamekaa pale tangu asubuhi wakidanganywa, mtu mmoja akisema ukweli wanapumzika."

Benchi zima lilicheka. Bwana yule alirudi baada ya miezi miwili na barua ya ajira, anataka nakala nne. Stepla akampongeza. Aliwapongeza wote. Kila barua ilimwachia donge dogo kooni, akalimeza, akaita anayefuata.

Donge lisilomezeka lilikuwa nyumbani, nalo lilikuwa wifi yake.

Huyo alikuwa mke wa kaka yake, na kabla ya kuwa wifi alikuwa mwenzake wa dawati moja shule ya msingi. Miaka yote Stepla alishika nafasi ya kwanza au ya pili, na mwenziwe alichungulia daftari lake hesabu zilipokuwa ngumu. Walifaulu wote wawili. Mwaka huohuo baba yake Stepla akaanguka kitandani. Kaka alikuwa tayari sekondari, na mama akasema mmoja lazima abaki nyumbani kumgeuza mgonjwa. Hakusema nani. Hakuwa na haja ya kusema. Mchunguliaji akaenda sekondari, akaenda chuo, akasomea utunzaji wa kumbukumbu, kisha akaolewa nyumba ileile. Kaka alikuwa mbali kwenye kazi za barabara, baba alishafariki, na nyumbani walibaki wanawake watatu: mama, Stepla, na "mwanangu msomi", kama mama alivyopenda kumwita mkwe wake mbele ya majirani.

"Mwanangu msomi, acha hiyo ndoo, utaharibu mikono ya kalamu."

Stepla akaibeba.

Wifi mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Angekuwa na maringo, Stepla angemchukia kwa raha zake.

Jumatatu asubuhi orodha ya walioitwa kwenye usaili ilitoka mtandaoni, kurasa arobaini na moja. Nafasi zilikuwa za wasaidizi wa kumbukumbu, wale wanaokaa masjala na mafaili. Stepla ndiye aliyemjazia wifi yake maombi yale, miezi mitano iliyopita, kwa hiyo ndiye aliyelitafuta jina. Alilikuta ukurasa wa thelathini na nane. Akalitazama kama mtu anayeliona gauni lake mwilini mwa mwingine.

Mchana wifi akaja anahema. Alipoliona jina kwenye kioo cha kompyuta alimkumbatia Stepla kwa nyuma mpaka kiti kikalia.

"Wifi! Nimeitwa! Alhamisi! Niprintie hapo kwenye jina langu nikamwonyeshe mama. Na hivi nitolee nakala."

Akamwekea mezani vyeti na kitambulisho. Vyeti vilikuwa na jina la baba yake mzazi. Kitambulisho kilikuwa kipya, cha mwezi uliopita, maana kile cha zamani kilipotea, na kaka alishikilia kwamba hiki kipya kiandikwe jina la ukoo wa mume. Stepla aliona mara moja, kama mpishi anavyoona unywele kwenye sahani.

Hapa inabidi kueleza desturi yake moja. Watu wengi wakija huomba ukurasa wenye jina lao tu, wanafurahi, wanaondoka. Stepla hakuwahi kumpa mtu ukurasa mmoja. Kila mteja, awe anamjua au hamjui, alimpa na ukurasa wa kwanza wa tangazo la usaili lililobeba orodha, ule wa masharti, na kwa kalamu yake akapiga mstari chini ya sharti la tisa: msailiwa ambaye majina ya vyeti na kitambulisho chake yanatofautiana aje na hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na wakili, la sivyo hataruhusiwa kuingia. Alishaona wangapi wamerudishwa getini kwa sharti hilo, na suti zao, na machozi yao.

Mkono ulikwenda kwenye kibodi, ukaandika thelathini na nane. Ukasimama. Kisha ukabonyeza. Mashine ikatoa karatasi moja.

"Ndiyo hii tu?" wifi aliuliza.

"Si ulitaka jina lako? Hilo hapo."

Hajasema uongo. Alijiambia hivyo mchana kutwa, na kila alipojiambia ilibidi ajiambie tena. Na wifi hakujisumbua kulifungua tangazo lote kwenye simu. Ya nini, wakati mwenye kuyajua hayo yuko nyumbani kwake?

Jioni mama aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akaipitisha nyumba ya kulia na ya kushoto. Aliporudi alimwambia Stepla, "Na wewe msaidie mwenzio hayo maswali. Angalau nyumba hii itoe mtu."

Angalau. Stepla aliosha vyombo na neno hilo.

Jumanne na Jumatano, baada ya kufunga kazi, walikaa dukani kufanya mazoezi. Stepla alikaa nyuma ya meza kama jopo, wifi akaingia kutoka kwenye korido.

"Umekaa. Nani amekuambia ukae?"

"Jamani, wifi, miguu!"

"Toka, ingia tena. Salamu moja inatosha, usimsalimie kila mtu kama uko msibani. Haya. Faili la siri limepotea masjala. Utafanya nini?"

"Nitalia."

"Wifi!"

"Kwani wewe ungefanyaje?"

Stepla hakufikiri sana. "Kwanza namwambia mkuu wangu, sio nianze kulitafuta kimyakimya. Halafu nafungua kitabu cha kutolea mafaili, naangalia nani alisaini mwisho. Namfuata mezani kwake na kitabu mkononi. Na wakati linatafutwa, hakuna mtu anaingia masjala wala kutoka na bahasha."

Wakili alikuwa anapita na funguo zake. Akasimama mlangoni. "Mimi ningekuwa jopo, kazi ningekupa wewe leo hii. Tatizo lako ni cheti tu." Akaenda zake anapiga mluzi.

Wifi hata hakusikia. Alikuwa ameinama anaandika. "Rudia, wifi, polepole. Kitabu cha nini?"

Stepla akarudia, polepole. Aliitazama ile shingo iliyoinama juu ya daftari, shingo ileile ya dawati la darasa la saba, na roho ikamuuma kiasi cha kutaka kuinuka atoke. Majibu ni yake. Sauti ni yake. Hata ile subira ya kungoja swali liishe kabla ya kujibu, yeye ndiye anayeifundisha. Na Alhamisi mtu mwingine ataingia nayo ndani, yeye atabaki hapa anahesabu kurasa. Na arudishwe, aliwaza. Mara moja tu. Na yeye ajue inavyokuwa, geti kufungwa kwa sababu ya karatasi na si kwa sababu ya kichwa.

Alhamisi wifi aliamka kabla ya wote. Sketi nyeusi, blauzi nyeupe, viatu vya kisigino kifupi. Mama alimzunguka akimtoa nyuzi ambazo hazikuwapo.

"Vyeti ninavyo. Kitambulisho. Picha. Kalamu mbili," wifi alihesabu, kisha akamgeukia Stepla. "Kuna nilichosahau?"

Mama naye akamtazama. Stepla alikuwa anafunga kamba ya kiatu, na aliifunga tena.

"Umependeza," alisema.

Saa moja na nusu alifungua duka. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene, mpole, anayetafuta jina lake kwenye orodha ya wauguzi, usaili wao wiki ijayo. Stepla akalipata. Mashine ikatoa karatasi mbili, na kabla hajajua anachofanya kalamu ilishashuka kwenye sharti la tisa.

"Mama, umeolewa?"

"Miaka kumi na miwili."

"Kitambulisho na vyeti vina jina moja? Angalia vizuri. Kama siyo, nenda kwa wakili hapo mlango wa pili ukaape leo, usingoje siku yenyewe. Wengi wanarudishwa kwa hili."

"Ubarikiwe, mwanangu. Nani angeniambia?"

Mama yule aliondoka. Stepla alibaki ameshika kalamu. Mtu asiyemjua, ambaye huenda hatamwona tena maishani, alikuwa amempa kwa dakika mbili kile alichomnyima wa nyumbani kwake siku nne. Na alimpa bila kuumia popote. Aliangalia saa ya ukutani. Uhakiki wa vyeti ulikuwa unaanza saa mbili.

Aliingia kwa wakili bila kubisha hodi.

"Nahitaji kiapo cha majina. Sasa hivi. Cha wifi yangu."

"Yuko wapi?"

"Kwenye usaili."

Wakili alivua miwani. Alikuwa mtu wa utani, lakini muhuri wake hakuufanyia utani. "Anayeapa aje mwenyewe, asaini mbele yangu. Wewe hilo unalijua kuliko makarani wangu."

Alilijua. Alikuwa ametarajia tu kwamba kwa leo moja lisiwe kweli, kusudi alimalize jambo hili bila kuufungua mdomo. Akatoka kwenye korido, akapiga simu.

"Wifi, niko kwenye foleni, nazima simu sasa hivi."

"Usizime. Toka, uje huku kwa wakili. Jina la kitambulisho sio la vyeti. Hawatakuingiza."

"Nani kasema?"

"Sharti la tisa. Liko ukurasa wa kwanza." Akaugeukia ukuta. "Sikukupa."

Upande wa pili zilisikika sauti za watu, mtu anaita namba, mlango wa chuma unaburutwa.

"Ulisahau?"

Hapo palikuwa na mlango wa kujitetea, na ulikuwa wazi kabisa. Wifi mwenyewe alikuwa ameufungua. Stepla aliweka kiganja ukutani.

"Hapana," alisema.

Simu ikakatika.

Wifi alifika na pikipiki, blauzi ina vumbi begani. Hakumtazama. Karani alichapa, yeye akasoma mstari kwa mstari, akaapa, akasaini, wakili akagonga muhuri na kuandika tarehe. Kwenye korido ndipo aliposema, bila kupandisha sauti: "Funga duka. Twende wote. Wakinirudisha, wewe ndiye utakayemwambia mama."

Stepla akafunga duka.

Kwenye geti la ukumbi foleni ilikuwa bado ndefu. Waliitwa kwa mpangilio wa herufi, na jina la wifi lilikuwa kati ya yale ya mwishomwisho; hilo ndilo lililomwokoa. Mwanamke wa uhakiki aliweka kitambulisho kando ya cheti, akakunja uso, akageuza kiapo mbele na nyuma, akamwonyesha aingie. Stepla yeye alisimamishwa na mlinzi.

"Jina lako lipo?"

"Mimi nimesindikiza."

"Wasindikizaji kule ukutani."

Alikaa kule ukutani, juani, karibu saa tatu. Aliwatazama wakiingia na kutoka na bahasha zao za kaki, na hata pale, baada ya yote yale, alijikuta anawasahihisha kimoyomoyo: huyu amevaa manukato mengi mno, yule anatafuna. Laiti wangemwita ndani kwa nusu saa tu, wamuulize lolote. Aibu haikuuondoa wivu. Vilikaa pamoja kifuani, vikasukumana.

Wifi alipotoka alikuja akasimama mbele yake, kivuli kikamwangukia.

"Wameniuliza kila kitu tulichofanya," alisema. "Nilijibu vizuri. Walikuwa wananitikisia kichwa. Halafu mwenyekiti akachukua kile kiapo, akasema, 'Hiki kimegongwa muhuri leo asubuhi. Tangazo lina siku nne. Kwa nini leo?'"

Swali hilo Stepla hakuwahi kulisikia kwa mteja yeyote, na alijua papo hapo lilikuwa na uzito gani kwa mtu anayeomba kulinda karatasi za serikali.

"Ukasemaje?"

"Nikasema sikulisoma tangazo lote. Kwamba ni uzembe wangu."

"Wifi! Masjala hawachukui mtu asiyesoma..."

"Najua. Niliona wanaandika." Akapangusa jasho la mdomo wa juu. "Ulitaka niseme nini? Kwamba wifi yangu alinificha ukurasa? Wangeuliza kwa nini, na mimi mwenyewe sijui kwa nini."

"Unajua."

"Ndiyo," wifi alisema. "Tangu darasa la saba najua. Nilidhani yameisha."

Akatangulia mbele. Njia nzima Stepla alimfuata hatua kumi nyuma, na yule mwingine hakugeuka.

Kwa wiki sita waliishi kwa kupeana chumvi na kuombana njia. Mama alidhani ni hofu ya majibu. Majibu yalipotoka, Stepla aliyasoma dukani kabla ya mtu yeyote. Akayasoma mara mbili, akatoa kurasa zote, akazibeba nyumbani saa sita mchana.

Wifi alikuwa uani anaanua nguo. Alizipokea karatasi, akaanza na ya kwanza, akazisoma zote amesimama. Kwenye orodha ya walioajiriwa hakuwemo. Alikuwa kwenye orodha ya akiba, wa kwanza juu kabisa, orodha ya watu wanaongoja mpaka mtu astaafu au afariki.

"Wa kwanza," mama alisema, alipoelezwa. "Wa kwanza katika akiba! Hata hilo si dogo. Mamia wameachwa nje kabisa." Akaja katikati yao, na kitu ambacho Stepla hakikumbuki tangu siku za ugonjwa wa baba, akamwekea mkono begani, akaubonyeza. "Na huyu hapa. Nilikuwa nasema nyumba hii haijatoa mtu, kumbe ninaye. Bila huyu ungefika wapi, mwanangu? Mshukuru wifi yako."

Nguo moja ilidondoka kutoka kambani, ikalala chini. Hakuna aliyeiokota.

"Asante, wifi," wifi alisema.

Alilisema wazi, kila silabi mahali pake, kama alivyofundishwa kujibu mbele ya jopo. Lakini macho yake hayakuwa kwa Stepla. Yalikuwa kwenye ule mkono wa mama begani, na Stepla akayatambua macho hayo, maana alishayabeba miaka mingi.

Mkono ulikuwa wa moto na mzito. Aliungoja tangu utotoni, akauacha ukae. Akavuta pumzi moja, akavuta ya pili.

"Mama," alisema, akaushika na kuushusha taratibu, "kaa kwanza. Kuna ukurasa sikumpa."